Mhariri, kusini mwa India sio hospitali tu

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kutoka Kirumba, Mwanza. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Mwaloni na gazeti lenu nalisoma miaka mingi, nikimaliza mimi linapita kwa wenzangu wa meza za jirani mpaka jioni linafungia dagaa. Sasa kila nikiona neno India kwenye gazeti najua kabla sijasoma kwamba kuna mgonjwa anachangiwa aende kutibiwa, au amerudi, au madaktari wa huko wanakuja kupima watu. Sina ubaya na habari hizo, mama yangu mzazi ni mmoja wa waliotembea tena kwa ajili ya madaktari wa huko, ila naomba leo mnipe nafasi niandike habari nyingine ya nchi hiyohiyo, maana watu wetu wanakwenda mbali vile, wanatumia hela ya ng'ombe na ya kiwanja, na wanarudi wameona wodi na dari ya chumba cha gesti basi.

Mama alikuwa na tatizo la nyonga, miaka mitatu anatembea kwa kujivuta, ndugu tukachangishana tukampeleka Chennai, mji wa kusini mwa India, mwezi wa kwanza, mimi na mdogo wangu wa kike tukiwa wasindikizaji. Upasuaji ulikwenda vizuri Mungu anajua. Siku ya kumi akaruhusiwa kutoka lakini tukaambiwa tusirudi nyumbani, tungoje wiki tatu daktari amuone tena. Wiki tatu Mhariri! Na hapo ndo nilipoona jambo ambalo limenifanya niandike barua hii. Gesti tuliyokaa ilikuwa imejaa Waafrika, Watanzania tulikuwa chumba kwa chumba, wengine wametoka Geita wengine Kahama wengine Bukoba, mchana kutwa watu wamejifungia wanaangalia simu, jioni wanasonga ugali wa sembe waliyobeba kwenye begi toka nyumbani, wanalala, kesho hivyohivyo. Kulikuwa na dada mmoja wa Geita anamuuguza mumewe, ilikuwa safari yake ya nne Chennai na bahari hajawahi kuiona, na bahari iko mwendo wa bajaji dakika kumi na tano. Aliyewapangia safari aliwaambia wasitokezetokeze nje, akaishia hapo, hakuwaambia kitu kingine chochote kuhusu mji ule. Na sisi hakuna aliyetuambia.

Ni mama aliyetufungua macho. Daktari alimwambia tembea mama, tembea kila siku kidogokidogo, sasa akachoka kutembea kwenye korido akatuuliza, wanangu mmenileta huku nipone au mnifungie, kama nimepona nitoeni nje nione watu. Tukamuuliza daktari akasema hakuna shida, asikae sana kwenye gari bila kusimama, asikanyage mahali penye utelezi, magongo yake asiyaache.

Jioni ile tukaenda Marina. Ni ufukwe mrefu sana, mchanga wake mpana mpaka unachoka kabla hujafika kwenye maji, na jioni mji mzima unahamia pale, wazee, wanafunzi, watoto wanarusha tiara, farasi wa kupanda, wauzaji wa dengu zilizochemshwa zikachanganywa na nazi na pilipili wanafunga kwenye karatasi kama sisi tunavyofunga karanga. Kuogelea pale hairuhusiwi, maji yanavuta watu, kwahiyo watu wanalowesha miguu tu. Mama alikaa kwenye kiti cha kukodi akaangalia bahari mpaka giza likaingia. Kumbe ni bahari ileile ya Dar, Bahari ya Hindi, ila upande wa pili ambako jua linachomozea majini, wenyewe upande ule wanauita Ghuba ya Bengal.

Kuanzia siku ile tukawa tunauliza watu na kupanga. Na sehemu ambayo nataka kila mtu wa Mwanza aliyeko Chennai aende, hata kama ni siku moja tu aliyonayo, inaitwa Mahabalipuram, wengine wanaandika Mamallapuram. Iko kama kilomita 60 kusini mwa Chennai, unafuata barabara ya pwani, mabasi ya kawaida yapo ila sisi kwa sababu ya mama tulikodi gari kutwa watu wanne tukachangia, yule dada wa Geita tulimchukua.

Mhariri mimi nimezaliwa kwenye mawe. Nyumbani kwetu ukitoka mlangoni jiwe, choo kimejengwa nyuma ya jiwe, nguo tunaanika juu ya jiwe. Nilipofika pale na kuona yale mawe ya rangi ya kijivu yamelala kwenye mchanga pembeni ya bahari nilihisi mtu kaichukua Bwiru kaiweka India. Kuna jiwe moja la duara kubwa urefu wake karibu mita 6, wanasema uzito unafika tani 250, limekaa kwenye mteremko kama linataka kuporomoka sasa hivi na haliporomoki, wenyewe wanaliita donge la siagi la Krishna, yule mungu wao aliyependa siagi akiwa mtoto. Wanasimulia kwamba mwaka 1908 gavana wa Kiingereza aliona ni hatari akaleta tembo saba walivute, halikusogea hata kidole. Watu wanakaa chini yake kwenye kivuli wanakula. Mama alisimama na magongo yake akaliangalia muda mrefu akasema hili ni ndugu yake Bismarck, akimaanisha jiwe letu lile pale Kamanga, alafu akaanza kumsimulia yule dada wa Geita habari za jiwe la Ukara linalocheza ukilisukuma, yaani tumesafiri kote huko na mama anatangaza utalii wa Ukerewe.

Lakini kilichonikamata zaidi ni kile walichoyafanyia hayo mawe. Wafalme wa Kipallava karne ya 7 na ya 8 walichukua mawe mazima, sio matofali ya mawe, jiwe zima lililoota pale, wakalichonga kuanzia juu kushuka chini mpaka likawa hekalu. Yapo matano yamejipanga wanayaita Ratha maana yake magari ya kukokotwa, kila moja na umbo lake, pembeni yupo tembo wa jiwe wa ukubwa wa tembo mwenyewe. Hayakumalizika, ukiangalia unaona sehemu fundi aliishia, alama za patasi bado zipo, miaka zaidi ya 1,300. Alafu kuna ukuta wa mwamba ambao umechongwa picha moja kubwa, tembo na watoto wao, watu, miungu, nyani, na kwenye mwamba huohuo kuna paka amesimama kwa miguu ya nyuma amenyoosha mikono juu kama mtawa anayefunga na kusali, na panya wamemzunguka hawana habari. Mama alicheka mpaka nikaogopa nyonga. Mbele kabisa kwenye mawimbi lipo hekalu la ufukweni, hilo la mawe ya kupanga, la karne ya 8, chumvi imelila kona zake lakini limesimama. Tsunami ya Desemba 2004 ilipiga pale ikaondoa mchanga na michongo mingine ya zamani ikafunuka. Kiingilio kwa wageni tulilipa rupia 600 kila mtu wakati wenyeji wanalipa 40, nakubali inauma, ila tiketi hiyohiyo inakuingiza hekalu la ufukweni na kwenye zile Ratha siku hiyo.

Na mji wenyewe mpaka leo ni wa wachongaji. Unatembea mtaani unasikia nyundo ko ko ko kila upande, vijana wamekaa chini wanachonga. Nilikumbuka kina mama wa kwetu wanaogonga kokoto kwenye vilima kutwa nzima, mtoto mgongoni, jiwe ambalo Mungu alilikalisha pale tangu dunia inaanza linauzwa kwa ndoo. Siwalaumu, mtu anatafuta ada ya mtoto. Ila nilisimama pale barabarani nikajiuliza ni nani Mwanza aliyewahi kumfundisha kijana mmoja tu kuchonga jiwe.

Sitaki kuandika kila hekalu, yapo mengi mno na mwenye muda atayaona. Kanchipuram ya hariri iko kama kilomita 70 toka Chennai, mdogo wangu alikwenda na jirani wa gesti akarudi na sari mbili za wifi zetu. Thanjavur kuna hekalu kubwa la mfalme Rajaraja Chola lililomalizika mwaka 1010, na Madurai kuna hekalu la Meenakshi lenye minara 14 iliyojaa sanamu za rangi, mnara mrefu unafika kama mita 50, huko hatukufika sababu ni mbali kwa mgonjwa. Kwa Wakatoliki wenzangu nataja mbili. Chennai kwenyewe kuna kanisa la San Thome lililojengwa juu ya mahali wanapoamini alizikwa mtume Tomaso, yule aliyetaka kugusa madonda, wao wanasema alifika India mwaka 52. Na kusini zaidi kama kilomita 350 iko Velankanni, kanisa la Mama Yetu wa Afya Njema, wagonjwa wa kila dini wanakwenda, sikukuu yake ni tarehe 8 Septemba. Mama alitaka sana Velankanni tukashindwa kupata nafasi ya treni, hilo bado linaniuma mpaka leo. Waislamu wao wana msikiti wa Cheraman pale Kodungallur jimbo la Kerala, mapokeo yao yanasema ulijengwa mwaka 629, yaani enzi za Mtume mwenyewe.

Chakula nacho kinaogopwa bure. Wengi tunajua chakula cha Kihindi cha maduka ya hapa mjini ambacho ni cha Gujarat na Punjab, kusini ni kingine kabisa, wao ni wali, nazi, samaki, jani la mgomba ndo sahani na mkono ndo kijiko, sasa mtu wa kwetu unaogopa nini hapo. Asubuhi wana idli, ni unga wa mchele na dengu uliochachuliwa ukapikwa kwa mvuke, umbo kama kitumbua ila haina mafuta wala sukari, na mama mwenye presha aliipenda kuliko sisi. Kahawa yao ya maziwa wanaimimina kutoka kikombe cha chuma kwenda kibakuli cha chuma juu juu mpaka inatoa povu, mtu wa Bukoba akiionja atakaa kimya kwanza.

Sasa Kerala. Hapo ndo roho yangu iko na hapo ndo sababu ya pili ya kuandika.

Baada ya daktari kumuona mama wiki ya tatu akasema yuko vizuri, tiketi ya kurudi ilikuwa bado siku nane. Tukapanda treni ya usiku ya Chennai kwenda Alappuzha, behewa la kulala lenye AC, mama kitanda cha chini, kila mtu na shuka lake. Asubuhi nimefungua macho nje ni minazi na maji, minazi na maji, nyumba moja moja kwenye kingo, mtu anapiga mswaki mlangoni kwake mtumbwi umefungwa kwenye ngazi kama baiskeli. Kule kuna ziwa linaitwa Vembanad, ndo refu kuliko yote India, kilomita 96, limeungana na mito na mifereji na bahari, na watu wanaishi humohumo kwenye maji, mashamba ya mpunga ya Kuttanad yapo chini kuliko usawa wa bahari wameyazungushia matuta. Zamani mpunga ulibebwa kwa majahazi makubwa yanayoitwa kettuvallam, mbao zake hazipigwi msumari hata mmoja, zinashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Malori na madaraja yalipokuja yale majahazi yakakosa kazi. Wenyewe hawakuyaacha yaoze, wakayajengea vyumba juu, kitanda, jiko, bafu, baraza la kukaa mbele, leo watu wanatoka Ulaya na Uarabuni kuja kulala kwenye jahazi la mpunga.

Hapo niseme kitu cha nyumbani. Mama yangu alimpoteza mdogo wake kwenye MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, na toka siku ile alikuwa hajakanyaga chombo chochote cha maji. Ukerewe kwa ndugu zake alikuwa anazunguka kwa gari kupitia Bunda mpaka Kisorya na kile kivuko kifupi cha pale alikataa katakata, kwahiyo ndugu wanavuka wao wanamfuata yeye. Kwenye kile chombo cha Alappuzha hatukumlazimisha, tulimwambia sisi tutakaa naye gatini tuangalie tu. Akauliza kina chao ni kirefu kiasi gani. Nahodha mzee, Kingereza chake kidogo na chetu kidogo, akachukua upondo wake akauzamisha mfereji akamuonyesha maji yalipoishia, alafu akaleta koti la kuokolea akamvalisha mwenyewe akafunga kamba tatu, akamshika mkono akasema amma, njoo. Amma kwao ni mama. Mama akapanda.

Tulichukua ya mchana tu sio ya kulala, ndo bei tuliyoimudu. Na kwa asiye na hela hata ya hiyo, kuna boti za abiria za serikali ya jimbo zinazotoka Alappuzha mpaka Kottayam, mwendo wa kama masaa mawili na nusu, nauli haifiki rupia mia na unaona maji yaleyale na wanafunzi wanapanda na kushuka. Mchana tukapikiwa samaki anaitwa karimeen, amepakwa viungo akafungwa kwenye jani la mgomba akabanikwa. Nilivyofungua jani nikamwambia mdogo wangu huyu ni sato! Na sikukosea sana, nimeuliza baadae, ni ukoo mmoja na sato wetu. Mimi nauza mazao ya ziwa miaka kumi na nane na sikuwahi kufikiri kwamba sato kwenye jani la mgomba ni kitu mtu anaweza kuvuka bahari kuja kukila.

Na gugumaji lipo, tena lilelile letu, limeziba mifereji mingine kabisa na wanalalamika kama sisi. Sitaki mtu aende akidhani ni peponi. Plastiki zipo majini, boti zimekuwa nyingi na mafuta yake yanaonekana juu ya maji. Mnaoandika habari hiyo iandikeni yote. Ila mwezi wa nane wana mashindano ya mitumbwi mirefu, mtumbwi mmoja unazidi mita 30 na wapiga kasia kama mia moja, wanaimba wote pigo moja, kombe linaitwa la Nehru, waziri mkuu wao wa kwanza, maana yeye ndo alilitoa baada ya kuona mashindano mwaka 1952. Watu wanajaa kingo zote. Mashindano ya mitumbwi Mwanza tumeshawahi kuwa nayo, wazee wanakumbuka, na vijana wenye mikono ya kasia tunao mpaka kesho.

Kutoka hapo tukaenda Kochi, karibu tu, na Kochi mtu wa pwani ya kwetu anakutana na historia yake. Yule Vasco da Gama aliyechukua rubani Malindi mwaka 1498 ndo akafikia pwani ile, karibu na Kozhikode, na alikufa Kochi mwaka 1524, kaburi lake la kwanza lipo ndani ya kanisa la Mtakatifu Fransisko ingawa mifupa walikuja kuihamishia Ureno. Sinagogi la Wayahudi la mwaka 1568 lipo kwenye mtaa wa maduka ya viungo. Na ufukweni zipo nyavu za Kichina, ni milingoti mikubwa imefungwa wavu kama mkono wa mtu ulioshika kitambaa, upande wa pili wamening'iniza mawe, wanaume wanne watano wanashusha wavu kwenye maji, wanasubiri kidogo, wanavuta kamba mawe yanashuka wavu unapanda. Nilisimama pale kama saa nzima. Samaki wenyewe ni wachache siku hizi, wavuvi waliniambia kwa ishara, vidole viwili, lakini wageni wanakuja kutazama na samaki aliyetoka sasa hivi unampeleka kwa mpishi hapo pembeni.

Ila kilichonifanya nimfikirie mkuu wetu wa mkoa na kila mbunge wa kanda hii ni zile boti za mji. Mwaka 2023 Kochi walianzisha usafiri wa boti za umeme zinazounganisha visiwa na mji, unapiga tiketi kwenye mashine kama treni, unakaa ndani pana kiyoyozi, hakuna moshi hakuna kelele. Na gati lake linaelea, maji yakipanda linapanda na boti, kwahiyo mlango wa boti na gati viko usawa mmoja muda wote, mtu wa magongo au wa kiti cha magurudumu anaingia bila kubebwa. Mama aliingia mwenyewe. Hii ni siku mbili baada ya lile jahazi na safari hii hakuuliza kina. Mhariri sisi tuna Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome, tuna daraja la Kigongo–Busisi nalishukuru sana, lakini visiwa havijengewi vyote daraja na mjamzito wa kisiwani bado anabebwa mgongoni kupanda mtumbwi. Mtumeni mwandishi wenu mmoja Kochi akaone gati tu. Gati tu!

Juu ya milima ya jimbo hilohilo iko Munnar ya mashamba ya chai, baridi kama Njombe, kuna ua linaitwa neelakurinji linachanua mara moja kila miaka 12, lilichanua 2018 kwahiyo linategemewa 2030, mlima mzima unakuwa wa bluu. Upande wa Tamil Nadu, jimbo la Chennai, iko Ooty yenye treni ya mlimani ya mwaka 1908, njia yake kilomita 46 na sehemu yenye mteremko mkali inapanda kwa meno. Huko hatukwenda, mama na baridi hawapatani.

Na mpwa wangu anasoma Bengaluru, huyo yeye anatuambia tumekosea njia, tungeenda kwake. Anasema Mysuru kuna kasri la mfalme lililomalizika mwaka 1912 ambalo Jumapili jioni linawashwa taa karibu laki moja kwa mpigo. Lakini picha aliyonitumia ikanikosesha usingizi ni ya Hampi. Ule ulikuwa mji mkuu wa dola ya Vijayanagara, mji mkubwa na tajiri mpaka ulipovunjwa mwaka 1565, magofu yake yametawanyika katikati ya vilima vya mawe, mawe juu ya mawe, jiwe kubwa limekaa juu ya dogo, mto unapita chini na watu wanavuka kwa vyombo vya duara kama ungo. Niliwaonyesha wenzangu hapa Mwaloni bila kuwaambia ni wapi. Mmoja akasema Nyegezi hiyo, mwingine akabisha akasema sio Nyegezi ni Kisesa kwa nyuma. Hampi iko kwenye noti yao ya rupia 50, gari la jiwe la hekalu la Vittala. Umoja wa Mataifa uliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1986. Mawe kama yetu Mhariri.

Kwa anayekwenda, na najua wanaokwenda ni wengi, niseme machache niliyojifunza kwa shida. Cheti cha homa ya manjano usikisahau, kule wakikukuta huna wanaweza kukuweka karantini bila huruma. Msindikizaji ana viza yake anayoomba kwenye intaneti pamoja na ya mgonjwa, ifanyieni kazi mapema. Saa zao zimetutangulia masaa mawili na nusu, ile nusu ndo inayochanganya watu na dawa. Kihindi cha kwenye filamu hakitakusaidia sana, Chennai ni Kitamil na Kerala ni Kimalayalam, lakini ukisema vanakkam mtu wa Chennai anacheka anakuonyesha njia. Kwenye mahekalu vua viatu, funika mabega, na mengine sehemu ya ndani kabisa asiye Mhindu haingii, ukiambiwa usibishane. Mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili Chennai ni mvua, mwezi wa nne na wa tano joto linaua, Kerala mvua kubwa zinaanza mwezi wa sita, kwahiyo kama daktari anakupa kuchagua tarehe chagua Januari au Februari. Na muulize daktari kwanza kabla ya safari yoyote, usimtoe mgonjwa kwa maneno yangu.

Ombi langu kwenu ni kwamba mfungue hata nusu ukurasa kwa wiki, watu waliokwenda waandike walichokiona, mabasi gani, shilingi ngapi, wapi panafikika na mgonjwa na wapi hapafikiki. Wengine wapo Hyderabad, wengine Bengaluru, wengine Vellore, kila mmoja ana kipande chake. Yule dada wa Geita alinipigia juzi, mumewe anarudi tena kliniki mwezi wa pili, anataka nimwandikie jina la ile sehemu ya mawe na ya yule paka, nimemwandikia kwenye meseji ila nimemwambia pia asubiri gazeti.

Na Jumamosi iliyopita mama alisema anataka kwenda kisiwa chetu cha Saanane. Hakuna aliyemshauri. Tulimpeleka pale Kapripointi, akauliza makoti ya kuokolea yako wapi, akavaa, akafunga kamba zote tatu mwenyewe, magongo amenishikisha mimi. Ni dakika chache tu mpaka kisiwani. Tulikaa kwenye mawe chini ya mti, pimbi wanapita hawatuogopi, tukala sato niliyemfunga kwenye jani la mgomba, na mama akawa anaangalia upande wa Ukerewe.

Msomaji wenu,
Muuza dagaa wa Mwaloni,
Kirumba, Mwanza